Hundi imerudi, mdaiwa haonekani, na mlalamikaji ndiye anayefutiwa kesi

Nchini India, aliyelipwa kwa hundi isiyo na fedha anakimbizana na kalenda tangu siku benki inapoirudisha. Kifungu cha 138 cha sheria ya hati za malipo ya mwaka 1881, kilichoanza kazi 1989 na kinachofanya hundi kama hiyo kuwa kosa la jinai, kinamtaka atume notisi ndani ya siku 30, amwachie mdaiwa siku 15 alipe, kisha afungue kesi ndani ya mwezi mmoja.

Mdaiwa hana haraka hiyo. Samansi inarudi na maneno "amehama". Hati ya kukamatwa yenye dhamana, inayomruhusu mtu aachiwe akidhaminiwa, inarudi pia. Inatolewa isiyo na dhamana, nayo inalala kituoni chini ya majalada ya wizi na mauaji. Ada ya kupeleka hati hizo analipa mlalamikaji. Asipolipa, hakimu anaweza kuyatupa malalamiko. Na siku asipofika mahakamani, sheria inaruhusu mshtakiwa aachiwe huru, asishtakiwe tena kwa hundi ile. Yaani mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani anashinda kwa sababu mwenzake, aliyehudhuria mara kumi, amekosa ya kumi na moja.

Wanaotetea ufutaji huo wana hoja. Wapo wakopeshaji wanaochukua hundi tupu iliyotiwa saini kama rehani, kisha wakajaza kiasi wanachotaka. Kumkamata mtu kwa deni ni jambo zito, na Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2007 kwamba samansi itangulie, hati isiyo na dhamana ije mwisho. Hilo nalikubali kabisa.

Halafu inakuja hoja ya mlundikano. Hukumu ya mahakama hiyo ya 2021 ilitaja kesi za hundi milioni 3.516 kati ya kesi za jinai milioni 23.1 zilizokuwa zikisubiri mwisho wa 2019. Ni zaidi ya kesi moja katika kila saba, ilhali sheria inataka zijaribiwe kumalizwa ndani ya miezi 6! Hakimu aliyelemewa hivyo ana kila kishawishi cha kupunguza rundo. Lakini nyingi zimekwama kwa kuwa mshtakiwa hajafikishwa, na mlalamikaji hana pingu. Hata fidia ya muda iliyowekwa 2018, anayolipwa mlalamikaji kesi ikiendelea, isiyozidi asilimia 20 ya hundi, huamriwa baada ya mshtakiwa kukana kosa. Asiyefika hawezi kukana. Kwa hiyo kujificha kunamlinda hata na hicho kidogo.

Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliwaambia mahakimu wasimwachie mshtakiwa ikiwa siku mlalamikaji aliyokosa hakuhitajika. Tangu Julai 2024, sheria mpya ya mwenendo wa jinai inampa mlalamikaji asiyefika siku 30 kwanza. Zitamfaa aliyeugua. Aliyechoka kufuatilia hati isiyotekelezwa hazimsaidii kitu. Kwake yeye, kabla ya kufuta kesi, hakimu angemtaka kwanza mkuu wa kituo aeleze kwa maandishi hati ya mwisho iko wapi na askari gani alitumwa nayo.