Lamu inahitaji tanga dogo la matembezi

Inaniuma kumwona kijana wa Lamu akiwasha boti ya mashine kwenda kupunga upepo kisiwani Manda. Petroli inateketea kwa kuufuata upepo, na upepo wenyewe uko hapa hapa, unavuma bure. Tunahitaji vyombo vidogo vya tanga, vile vyenye ubao wa kati unaopandishwa na kushushwa.

Mashua nazipenda, wala sitaki zipotee. Lakini mashua ni chombo cha kazi. Inataka mabaharia watatu wanne na farumi, uzito wa kutuliza chombo, ya magunia ya mchanga. Baba na bintiye wakitaka kutoka baada ya alasiri, hawana chombo cha kuwatosha wawili.

Mimi ningechagua aina iitwayo Wayfarer, aliyoibuni Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Urefu wake ni mita 4.82, na watu wawili wanaiendesha bila taabu. Ubao ukiwa chini chombo kinazama mita 1.17, hapo kinashika maji na kupanda upepo, yaani kwenda kuelekea unakotoka, bila kusukumwa ubavuni. Ukipandishwa, ni kama sentimita 20 tu. Mtu wa Lamu haelezwi maana ya sentimita 20. Hori la kwenda Takwa, kule Manda, linataka maji yaliyojaa, na nahodha wa mashua huko anahesabu dakika asije akakaa juu ya tope. Ubao huu ukigusa fungu unainuka wenyewe. Unasikia umegonga kidogo chini ya miguu, unageuza, unaendelea.

Wazazi wataogopa, na wana haki. Chombo hiki hupinduka, kwa kuwa hakina farumi ila miili ya waliomo. Dawa yake ni ubao ule ule: unaukanyaga, unashika kamba, unalala nyuma kwa uzito wako wote mpaka mlingoti utoke majini. Watoto wafundishwe hilo kwanza, wamevaa jaketi za kuokolea, kwenye maji matulivu upande wa mji. Mlangoni Shela kusi ikichachamaa, hapana, hata kwa mkubwa.

Na tusiseme ni mali ya Wazungu. Mwaka 1962 huko Uingereza ilibuniwa Mirror, aina nyingine ya chombo kidogo cha tanga, ya mita 3.3, ili mtu aiunde mwenyewe nyumbani: vipande vya plaiwudi vinashonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo vinazibwa kwa gundi. Kushona mbao! Pwani hii ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya kale vya tanga, kwa kamba za nazi. Fundi wa Matondoni anayekata mataruma, mbavu za chombo, kwa macho hatashindwa na plaiwudi.

Vijana wachangishane mbao na gundi, wamtafute fundi mmoja kusi hii, wakati vyombo vingi vimepandishwa pwani. Kaskazi ikishika, Desemba, cha kwanza kiwe majini.