Hijabu, rasta na sare moja

Kesi ya shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, hutajwa kila mjadala wa sare unapozuka, na mara nyingi hutajwa nusu. Watu hukumbuka kwamba Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2016, uliowaruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe. Sababu husahaulika: majaji walio wengi walisema ombi lile lilifikishwa kortini kinyume cha utaratibu. Ndiyo maana yeyote aliyekerwa bado anaweza kwenda kortini upya.

Husahaulika pia walichoomba wasichana hao. Hawakutaka kuivua sare. Walitaka kuongeza juu yake.

Walimu wakuu wana hoja, nami siipuuzi. Sare humficha mtoto wa tajiri na wa bursari wasijulikane. Shule nyingi zilianzishwa na makanisa yenye taratibu zake, na ukimruhusu mmoja, kesho watakuja kumi.

Lakini kichwa wazi nacho kina asili yake, kilichaguliwa na mtu. Kwa binti mmoja si kitu. Mwenzake hukilipia kila asubuhi. Nimeshika zamu langoni, nikamwona msichana wa kidato cha pili akivua mtandio, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa pembeni wa begi, kisha akajishika nywele kwa viganja viwili. Darasani hakunyanyua mkono hata kwa maswali aliyoyajua. Jioni, hatua tatu nje ya lango, mtandio ulikuwa umerudi kichwani. Mwisho wa muhula ripoti yake iliandikwa: "Hashiriki darasani." Alama ya nidhamu ilikuwa nzuri sana, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba tulimhesabu kuwa mafanikio.

Kifungu cha 32 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa ajili ya imani yake. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita aliitegemea haki hiyo alipoamuru msichana Mrastafari aliyefukuzwa kwa sababu ya rasta arudi darasani Nairobi. Ng'ambo ya Namanga, katika shule za serikali za Tanzania, wenye hijabu na wasio nayo hupanga mstari mmoja asubuhi.

Mwalimu mkuu anayehofia vurugu ana barua ya kujiunga mkononi. Tayari inataja rangi ya soksi na urefu wa sketi. Iandikwe humo, baada ya kikao na wazazi, rangi ya hijabu.