Heshima kwa bosi isitufunge mdomo

Ndugu wakiniuliza kazi za huku Denmark zikoje, wanataka kusikia habari za mshahara. Mimi kinachonigusa ni jinsi mdogo anavyosema na mkubwa wake.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Aarhus. Kwenye kikao cha kupokezana zamu, mkuu wa kituo tunamwita kwa jina lake tu. Juzi msaidizi mmoja ambaye bado yuko mafunzoni alimkatiza daktari: "Hapana, dozi hiyo jana ilimlegeza mzee, hata kijiko kilimshinda kushika." Daktari akauliza ilikuwa saa ngapi, akaandika, akapunguza dozi. Hakuna aliyenuna.

Nilikotoka, Tanzania, muuguzi mwenye wasiwasi kama huo angesema, "Samahani daktari, naomba unielekeze tena hapa," kisha angoje daktari agundue mwenyewe. Akisema wazi ataitwa mjuaji. Kazi anaijua vizuri sana. Ila amelelewa kutombishia mkubwa mbele za watu, na malezi hayaachwi getini.

Mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM wa nchi nyingi kuanzia miaka ya 1960, alipima jinsi watu wanavyokubali ukubwa wa wakubwa, alama zikiwa nyingi ndivyo wanavyoukubali zaidi: Denmark alama 18, Afrika Mashariki 64. Kuziweka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia kwenye kapu moja sikubaliani nako, maana ofisi ya Nairobi si ya Sumbawanga. Lakini pengo lenyewe nalikuta kila zamu.

Wapo wanaosema basi tuache na undugu kazini. Hapo nakataa kabisa. Sheria yetu ya ajira ya 2004 inatoa siku 4 zenye malipo ukifiwa na mzazi, mwenzi au ndugu wa tumbo moja, mjomba hayumo. Lakini mjomba akifariki, wenzako wanakushikia zamu, wanachanga rambirambi, na bosi mwenyewe anakuja kuketi msibani. Huku mwenzetu alifiwa na baba, tukampelekea kadi na maua, basi.

Ningekuwa na sauti kwenye hospitali zetu, ningeomba jambo moja: kwenye kikao cha zamu, shikamoo ziendelee kama kawaida, halafu aliye mdogo kuliko wote aulizwe kwanza alichokiona usiku, kabla daktari hajafungua mdomo.