Mahindi, sumukuvu na mpaka wa Namanga

Machi 2021, barua moja kutoka mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi yote ya Tanzania na Uganda. Sababu iliyotajwa ni sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha uasili, kinachoonyesha mahindi yalikotoka, na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Huku Tanzania wengi waliona ni hila tu ya kumlinda mkulima wa mahindi wa Kenya, kule Trans Nzoia na Uasin Gishu. Hofu ya Kenya, hata hivyo, ina msingi. Mwaka 2004, Makueni na Kitui, sumukuvu iliua watu zaidi ya 100. Sisi wenyewe tulizika watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sababu hiyohiyo. Serikali iliyoona vifo vya namna hiyo ina haki ya kukagua unga wa watu wake. Ila mahindi yaliyoua Makueni na Kitui yalilimwa hukohuko, kisha yakahifadhiwa yakiwa na unyevu. Kufunga mpaka hakukaushi gunia lililoko ndani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kanuni ya pamoja ipo. Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kimoja: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu isizidi hizo sehemu 10. Kinachokosekana ni kuaminiana katika vipimo. Na kupima kwenyewe ni kugumu, maana kuvu haisambai sawasawa. Mkaguzi akichoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, upande mmoja wa gunia anaweza kutoa punje safi, na kiganja kimoja upande wa pili kikawa na sumu tele. Maabara mbili zikichukua sampuli tofauti za shehena ileile zinaweza kupata majibu tofauti bila yeyote kudanganya.

Mwenye lori la tani 30 atalipia kipimo na kusubiri. Mama mwenye magunia matano hawezi. Jumuiya ilimwekea cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, na kwa kweli kimemsaidia upande wa ushuru, lakini hakimvushi kwenye ukaguzi wa ubora. Akikwama hapo, anapita njia za panya, na mahindi yake yanafika sokoni bila kupimwa kabisa. Hapo hata lengo la afya limepotea.

Tanzania nayo haina mikono safi. Mwaka 2017 tulizuia mahindi kwenda nje kwa hoja ya usalama wa chakula. Hoja haikuwa ya kipuuzi, kwani njaa haina subira. Lakini mkulima aliyekwishavuna ndiye aliyebeba gharama, na mnunuzi wa Nairobi akajifunza kwamba mlango wetu hufungwa ghafla.

Kwa maoni yangu, ukaguzi uhamie mahali mahindi yanapokusanywa, kwa mfano soko la Kibaigwa mkoani Dodoma, wakaguzi wa nchi zote mbili wakichukua sampuli pamoja, na shehena ikishafungwa lakiri isipimwe tena Namanga. Gharama ya kupima mizigo midogo zibebe serikali. Na zuio lolote litolewe kwa shehena iliyopatikana na sumu, si kwa nchi nzima.