Chaja Iliyotaka Maombi

Mtu akitaka laptopu ya muziki hapa Nsambya, ananipigia mimi. Wimbo wangu ni uleule: usinunue stika, angalia prosesa yenyewe, ubongo wa mashine. Ile ya i7-7500U ina kori mbili tu, yaani vitengo viwili vya kufanyia kazi. i5-8250U, iliyotoka 2017, ina nne. Ramu isipungue gigabaiti 8, na diski iwe SSD, maana ile ya kuzunguka ikianza kusaka sauti za piano, wimbo unasubiri mlangoni kama mgeni.

Basi yangu nilichagua kwa kiburi cha mtaalamu. i5-8250U, ramu 8, SSD ya 256, laki nane na nusu baada ya kuvutana sana, kwenye akedi moja, jengo la maduka, mjini Kampala. Umeme ulikuwa umekatika. Muuzaji akaiwasha kwa betri, nikafungua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, chaneli ishirini, bafa (akiba ya sauti inayoipa prosesa nafasi ya kupumua) sampuli 128 tu. Ikateleza kama mlenda.

"Chaja nayo nzima, ssebo," akasema, akaitia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Sikuijaribu. Ningeichomeka wapi?

Jumapili nikarekodi kwaya, waimbaji kumi na wanne. Nikachomeka chaja, tukaimba, nikacheza tusikilize: "Bwa-bwa-bwa-bwa... na." Nikapandisha bafa hadi 1024. Nikazima waifai, kwa kuwa dereva yake, programu inayoiendesha, ndiyo mkorofi mara nyingi. "Bwa-bwa." Mzee wa besi akanong'ona kwamba labda ndio mtindo wa siku hizi.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kuona mashine inavyofanya kazi: prosesa inatambaa kwa gigahezi 0.78. Aa, nikajisemea, vumbi limeziba feni, mashine inajipunguza kwa joto. Nikaigusa chini. Baridi kama mtungi. Pembeni, alama ya betri inasema imechomekwa lakini haichaji. Hapo ningeshtuka, ila macho ya watu kumi na wanne hayaachi mtu afikiri.

"Mwanangu," Mama Neema, kiongozi wa kwaya, akasimama, "hili si la mikono yako."

Wakaizunguka. Mama akakemea, akapiga mguu chini, mguu ukanasa waya, chaja ikachomoka. Papo hapo sauti ikatiririka kama maji ya bomba. Gigahezi 3.2! Vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Nikamulika kichwa cha chaja kwa tochi ya simu. Katikati panatakiwa pini nyembamba kama sindano, ndiyo inayoiambia laptopu chaja hii ni ya wati ngapi. Yangu ilikuwa imekatika. Laptopu za aina hiyo zisipoitambua chaja, hugoma kuchaji na kuibana prosesa hadi ikose pumzi. Ukichomoa, inajiachia.

"Mama, ni pini tu..."

"Amina!" akanijibu.

Ubeti wa pili, skrini ikazima. Baadaye niliandika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri: betri ilizaliwa na uwezo wa kubeba umeme wa mWh 42,000, imebakiwa na 9,000. Ndiyo maana dukani ilitosha kunidanganya dakika kumi.

Chaja halisi ya wati 65 ikanitoka elfu sabini, tukarekodi upya Jumapili iliyofuata. Siku ya malipo, Mama Neema akahesabu noti mbele yangu, akatoa elfu hamsini akazirudisha kwenye pochi.

"Hizi za fundi," akasema.

"Fundi gani, Mama?"

"Si mimi niliyeitengeneza?"