Nyumba zimepanda Newcastle, kodi imepanda Ilomba

Leo saa kumi na mbili asubuhi, baridi la mwezi wa saba mnalijua wenyewe, nimesimama uani na ndoo nasubiri maji yaamue kama yanatoka ama hayatoki, mama mwenye nyumba akanitokea kwa nyuma kajitanda shuka mbili na kofia ya sufu juu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba ndeeefu, na mpangaji yeyote anajua marahaba ikivutwa namna ile kuna jambo liko nyuma linakuja.

"Baba Neema, kuanzia mwezi wa nane itakuwa laki na nusu. Nyumba zimepanda."

Sasa mimi ni karani wa stoo ya mbolea, mwaka wa kumi na moja huu nahesabu mifuko, naandika ilioingia, iliyotoka na wastani wa mwezi, kwa hiyo mtu hawezi kuniambia kitu kimepanda nikakubali kama ng'ombe. Nikamuuliza kwa adabu zote, zimepanda wapi mama? Akasema kwa mwanangu.

Mwanae yuko Newcastle. Uingereza. Jumapili kampigia simu kamwambia mama nyumba za huku zimepanda hatari. Yani nyumba zinapanda Newcastle, mi nalipia Ilomba, hapa Mbeya, kwenye chumba na sebule ambayo sebule ina dirisha moja na hilo dirisha linaangalia choo.

Sikujibu. Nilisema tu "sawa mama nimekusikia" kwa ile sauti ya mtu anayekwenda kutafuta ushahidi, nikaacha na ndoo palepale.

Ushahidi nimeupata kwa mpwa wangu, yuko chuo, kalala kwangu likizo nzima na anakula kama trekta, leo nikasema alipe kwa elimu. Akafungua simu akanionyesha. Kumbe wenzetu kule nyumba ikiuzwa bei iliyolipwa kweli inaandikwa kwenye daftari la ardhi la serikali, halafu kila mwezi wanazikusanya wanatoa wastani mkoa kwa mkoa, mtu yeyote anasoma. London nyumba ya wastani inapita pauni laki tano. Na huyo Newcastle wake? Iko mkoa wa Kaskazini Mashariki, haifiki hata laki mbili, ndo mkoa wenye nyumba rahisi kuliko mikoa yote ya England! Nilipiga meza chai ikamwagika. Mpwa akaendelea eti na wastani wenyewe sio huu wangu wa kujumlisha na kugawanya, wao wanazidisha halafu wanatafuta kipeuo, ili jumba moja la tajiri lisivute bei za wenzake juu. Sikuelewa vizuri lakini nilitikisa kichwa, mbele ya mpwa huwezi kuonekana hujui kipeuo.

Nikarudi uani kama wakili. Nikamwambia mama, hata huko kwa mwanao ndo bei ya chini kabisa nchi nzima, kwa haki kodi ungeipunguza. Akaniangalia. Akasema, "Kaskazini Mashariki sijui ya wapi, nyumba yangu mimi iko karibu na lami."

Kesi ikaisha.

Mke wangu alikuwa anasikiliza dirishani (lile la choo), akasema maneno ambayo mwanaume hapendi kuyasikia kabla ya chai: kwani sisi hatuwezi kutafuta kwetu? Tuna hela ya kikoba, tuna ile ya mahindi, tafuta hata boma lisiloezekwa tuhamie na turubai. Ndo maana mnaniona hapa siku nzima imeniishia Nsalaga na koti langu halina mkono. Nitafika huko kwenye koti.

Dalali nilimpigia saa tatu. Kwenye simu akasema kuna boma zuri, vyumba vitatu, limefika lenta, tofali za kuchoma, milioni kumi na nne maongezi yapo. Nikavaa koti langu la kijivu la mtumba nililolitoa Soweto, kalamu mfukoni, nikamchukua mpwa na begi lake la kompyuta tukapanda bajaji. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Dalali alipotuona tunashuka Uyole akaangalia koti, akaangalia kalamu, akaliangalia lile begi, akaninyooshea mkono kama kwa chifu wa Kinyakyusa, "Karibu malafyale! Ile nyumba mwenyewe anataka kumi na sita." Yani kalamu na begi vimenigharimu milioni mbili na sijafungua mdomo.

Tukaanza kutembea. Ni mfupi huyu jamaa, mfupi mno, lakini anatembea kama anadaiwa. Kila tulipofika bei ilikuwa inapanda. Tumepita pale wanapopanua barabara, hii njia nne ya kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, akasimama akanyoosha kidole kwenye kifusi kama anayeonyesha bahari. "Unaiona hii? Ikiisha hii hapa utatukumbuka." Kumi na saba. Nikamuuliza sasa boma liko mbali gani na njia nne? Akasema hapohapo tu. Tukatembea dakika arobaini. Tumevuka korongo, tumepita shamba la viazi, tumepita kanisa, tumepita kanisa lingine lililotoka kwenye lile kanisa, mbwa wametubwekea mpaka wamechoka. Kila nikiuliza anasema hapohapo.

Katikati ya shamba akapigiwa na mteja wa Dar. Mteja wa Dar mnamjua, yule anayetaka kila nyumba ya Mbeya na hajawahi kuja. Dalali kasimama kwenye tuta, simu sikioni, "Ndio bosi... hapana bosi, yuko mtu anaiangalia hapa... kumi na nane? Hela yote taslimu?" na ananikonyeza kwa huruma. Shida ni kwamba ile simu ya vitufe betri yake inakufa kwa baridi, na robo saa nyuma alikuwa ameitoa kampa mpwa wangu aishike kwapani ipate joto. Mpwa akainyoosha betri juu, taratibu, kama mtoto anayetaka kujibu swali darasani. Dalali akaiona. Nitampa sifa, hakutetereka hata kidogo, alimaliza mazungumzo, akaaga, akasema "Mungu akubariki bosi", akatia simu mfukoni, akaniambia basi kumi na nane ndo inayosimama.

Tukafika. Boma lipo kweli, hilo sikatai. Lenta ipo. Vyumba vitatu vipo, viwili vimelimwa mahindi, cha tatu kafungwa beberu. Kiwanja akasema ni hatua ishirini kwa ishirini na tano, na kama sikuamini angenipimia. Pima, nikamwambia. Jamani. Sijawahi kuona mtu anatembea vile tangu nilipohudhuria harusi ya shemeji yangu Tukuyu, bibi harusi anaingia kanisani, mguu unaugusa mguu, unapumzika, unaangalia watu, ndo unaenda mwingine. Mojaaa. Mbiliii. Alipofika ishirini alikuwa bado hajatoka kwenye kivuli cha mparachichi. Nikavua heshima yangu, nikasema baba simama hapo, mi nimecheza mpira, nipishe. Nikanyoosha miguu mpaka suruali ikalia. Kumi na tatu, nikagonga uzio. Upande wa pili nikapata kumi na nne na zile mbili za mwisho niliingia kwa jirani.

"Mguu wako mrefu," akasema dalali, kwa masikitiko, kama ni ugonjwa.

Hapo ndo wakatokea wengine wawili kwenye migomba. Kumbe huyu wangu ni dalali wa tatu, kapewa kazi na wa pili, wa pili kapewa na wa kwanza, na kila mmoja kaweka cha juu chake. Wamesalimiana kwa heshima kama mabalozi. Nyuma yao kabisa anakuja mwenye nyumba, bibi wa watu na mzigo wa kuni kichwani, katua, kanisalimu vizuri, nikaona afadhali mtu mzima. Nikamuuliza, bibi, wewe mwenyewe unauza kiasi gani? Akasema aliwaambia hawa watoto milioni nane.

Kimya. Hata beberu lilitulia.

Mpwa wangu, ambaye chuoni wanamfundisha kipeuo lakini hawamfundishi kunyamaza, akasema kwa sauti, "Nane? Si tumeambiwa kumi na nane!"

Bibi akamwangalia mpwa. Akawaangalia madalali watatu mmoja mmoja, wote wanaangalia viatu. Akaliangalia boma lake kama ndo analiona leo, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Kumbe ni kumi na nane tata? Basi ni kumi na nane." Na jirani ambaye alikuwa anapalilia zake, hauzi chochote, hajamwambia mtu anauza, akajinyoosha na jembe juu ya uzio akauliza, "Sasa kama hiyo isiyo na bati ni kumi na nane, hii yangu yenye bati inakuwaje?" Dalali wa pili akatoa kikaratasi akaandika. Mama mmoja aliyekuwa anapita na debe la nyanya akalitua kabisa chini asikilize vizuri.

Nimesimama pale nimeona kwa macho yangu mtaa mzima unapanda bei, kama unga wa maandazi, na hamira ni mimi na mpwa wangu. Hakuna kilichouzwa. Hakuna aliyetoa shilingi. Na hata kingeuzwa, karatasi ya mtaani ingeandikwa milioni nne kwa sababu ya ile asilimia kumi ya ofisi ya mtaa mnayoijua, hela yenyewe ingehesabiwa kitandani kwa bibi mlango umefungwa, sasa huyo atakayetaka wastani wa Nsalaga auchukue wapi? Kwenye karatasi atapata nne, kwa bibi nane, kwa dalali kumi na nane, kwa mteja wa Dar itategemea betri. Wa mkoa ndo msiniulize kabisa, maana 2016 tu mkoa wenyewe ulikatwa nusu ukaenda Songwe na Tunduma ikaondoka na frem zake ambazo kodi yake ukitajiwa unadhani wamekuuzia. Iringa shemeji yangu ana vyumba sita Kihesa anapangisha wanafunzi, bei anapanga kwa kuangalia boom, ile hela yao ya mkopo, imeingia au bado. Njombe tangu parachichi lianze kuuzwa nje mtu akikuonyesha shamba lake usiulize, pongeza tu. Na hapa Mbeya, pale Forest sipandi hata kuangalia, zile nyumba zina bustani inayozidi kijiji chetu.

Nikasema basi tumeona, tunakwenda kushauriana na familia. Dalali wangu akanifuata. Usumbufu malafyale. Elfu kumi. Nikamwambia usumbufu nimepata mimi! Nimetembea dakika arobaini, nimechanika suruali, nimewapandishia watu bei bure, mngenilipa nyie. Akasema kwa upole, "Sasa na hao wenzangu wawili?" Wakasimama watatu kwa mpangilio wa urefu. Nikajikuta napiga kelele, ya kweli, sio ya kuchekesha, nikisema nina miaka arobaini na minne, mwaka wa kumi na sita huu napanga, kila nikikaribia hela ya kiwanja kiwanja kinahama, nilianza kuangalia Isyesye wakati ni pori nikaambiwa mbali, sasa kuna maghorofa, nikaangalia Iwambi, nikaangalia huku, hata kodi ya jengo nakatwa mimi kwenye luku ya umeme na jengo sio langu, nimekosea nini? Hakuna aliyejibu. Bibi akaniletea maji kwenye kikombe. Nikanywa, nikasema ndaga bibi, nikatoa elfu tano.

Na wakati natoa hiyo elfu tano, nimeegemea lile dirisha la chumba cha tatu, nikahisi kama mtu ananivuta kwa nyuma nikadhani dalali wa nne. Beberu. Limeanzia kwenye kifungo limepanda mpaka kiwiko, linatafuna taratibu huku linaniangalia usoni.

Nimerudi Ilomba jioni nimekunja koti kwapani. Mama mwenye nyumba kanisubiri mlangoni, safari hii hajavaa kofia, ana uso wa furaha. Yule mama wa nyanya wanaimba naye kwaya moja.

"Baba Neema, nasikia Nsalaga ndani huko boma lisilo na bati ni kumi na nane."

Nikamwambia mama shikamoo, nimechoka, tutaongea kesho. Akaitikia marahaba, na ilikuwa ndefu kuliko ya asubuhi.

Sasa nimekaa hapa, maji yametoka saa tisa mchana sipo na ndoo imeibwa, mpwa anauliza kuna nini cha kula. Kuna mtu anamjua fundi yeyote maeneo ya Mwanjelwa au Kabwe anayeshona mkono wa koti bila kudai nusu ya hela kwanza? Kitambaa ni cha kijivu kizito, kina mistari midogo ukikiangalia kwa karibu. Ule mkono mwingine bado mzima kabisa, una hadi kitambulisho cha dukani kwa ndani, nadhani ni Kijerumani.