Bolti Kukubali Si Giaboksi Kukaa Sawa

Kila ninapoonyeshwa gari la zamani lililofungwa giaboksi isiyo ya injini yake, mwenye gari huanza kwa kuniambia kwamba bolti zote ziliingia bila kulazimishwa. Hulisema jambo hilo kwa fahari, na fahari hiyo naielewa kwa sababu niliwahi kuwa nayo, lakini kwa maoni yangu hiyo ni habari ndogo mno katika kazi nzima. Bolti hubana vitu viwili visiachane, basi. Zitavibana vilevile hata kama shafti ya giaboksi imekaa kando ya mstari wa krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na injini, na gari litawaka, litaondoka, litabadilisha gia na kumfurahisha mwenyewe kwa miezi kadhaa kabla ubaya haujaanza kusikika.

Gari langu ni MGB, modeli iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, yenye injini ya silinda nne ya cc 1,798. Giaboksi yake ya asili, ya gia nne na isiyo na ovadraivu (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini kwenye mwendo wa kasi), ilikuwa imechoka. Badala ya kuifufua niliamua kufunga Type 9, giaboksi ya gia tano ambayo Ford waliiweka katika Sierra tangu 1982. Wapo watakaosema kwamba gari la kale lisiguswe. Siwalaumu, ila nawakumbusha kwamba Rover, wamiliki wa jina la MG wakati huo, walipofufua gari hili kwa jina la RV8 miaka ya 1990, lilitoka na gia tano.

Kabla ya kununua chochote, inafaa mtu aketi na kalamu na karatasi, kwa kuwa wengi huchagua giaboksi kwa sifa za uimara wake, ilhali uimara mara nyingi si tatizo. Injini ya MGB haina msukumo wa kuivunja Type 9, ambayo ilivumilia hata V6 ya lita 2.8 ya Ford. Jambo la kutazama ni uwiano wa gia, yaani injini huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka giaboksini. Gia ya nne ya MGB ni ya moja kwa moja, na difu yake, yaani gia za mwisho kwenye ekseli ya nyuma, ni 3.909, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa injini huzunguka karibu mara 3,470 kwa dakika. Gia ya tano ya Type 9 ni 0.82, na kwa mwendo uleule mizunguko hushuka hadi karibu 2,850. Tofauti hiyo masikio huisikia na matumizi ya mafuta huionyesha. Lakini ovadraivu ya kiwandani iliyofungwa kwenye MGB za baadaye nayo ni 0.82. Mwenye gari ambalo tayari lina ovadraivu nzima, akitaka gia tano ili apunguze mizunguko barabarani, anajitafutia kazi kubwa ili arudi palepale alipokuwa.

Upande wa gia za chini kuna hasara ambayo wauzaji hawaitaji. Katika giaboksi ya MGB ya baada ya 1967, gia ya kwanza ni 3.44 na ya pili ni 2.17, ukibadilisha gia injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000, itashuka hadi takriban 2,520. Katika Type 9 ya kawaida, gia ya kwanza ni 3.65 na ya pili 1.97, hivyo injini ileile itaporomoka hadi karibu 2,160. Pengo hilo utalihisi kila unapoondoka kwenye makutano: gia ya kwanza inaisha upesi, na ya pili inakupokea ikiwa nzito. Mimi nimeizoea, ila sitamdanganya mtu kwamba haipo.

Sasa nije kwenye kitovu, ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Shafti ya kuingiza nguvu hutokeza mbele ya giaboksi, ikapita katikati ya klachi, na ncha yake nyembamba ikaingia ndani ya bushi ndogo ya shaba iliyopachikwa kwenye tako la krenkishafti. Kwa hiyo shafti hiyo inashikwa sehemu mbili: nyuma na beringi ya giaboksi, mbele na bushi ya injini. Katika gari ambalo injini na giaboksi vilizaliwa pamoja, kiwanda kilihakikisha kwamba sehemu hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja, na kikaweka doweli, yaani pini zinazoilazimisha nyumba ya klachi ikae mahali pamoja tu. Unapoleta giaboksi ya kigeni, aliyetengeneza pleti ya kuunganishia au nyumba mpya ya klachi ndiye amechukua dhamana hiyo ya kiwanda, na wewe huwezi kujua kama ameitimiza ila kwa kupima.

Kipimo chenyewe hakihitaji mitambo mikubwa. Type 9 ina wema mmoja, kwamba nyumba yake ya klachi hutenganishwa na giaboksi, kwa hiyo unaweza kuifunga nyumba peke yake kwenye injini kabla ya kuweka klachi. Simika geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita, juu ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki) kwa kikalio cha sumaku, elekeza ncha yake iguse ukingo wa ndani wa lile tundu kubwa ambamo shingo ya giaboksi hukaa, kisha toa plagi zote ili injini isikubishie na uizungushe kwa mkono mzunguko mzima, polepole, ukisoma mshale. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo igawanye kwa mbili: huo ndio umbali ambao kitovu cha tundu kimekikosa kitovu cha krenki. Kiwango kinachotumiwa na mafundi wengi ni kwamba tofauti hiyo nzima, kabla ya kugawanywa, isizidi inchi 0.005, yaani karibu milimita 0.13. Baada ya hapo hamishia ncha ya geji kwenye uso wa nyuma wa nyumba uone kama umesimama wima dhidi ya mhimili, ukiibana krenki upande mmoja muda wote, kwa sababu mchezo wake wa mbele na nyuma utakudanganya.

Mimi sikupima. Pleti niliyouziwa iling'aa, matundu yake yalikuwa safi, bolti zilikubali. Baada ya kilomita kama 3,000 nikaanza kusikia mngurumo gari likiwa limesimama kwenye fri, mngurumo uliokoma kila nilipokanyaga klachi na kurudi kila nilipoiachia. Nilijipa moyo kwamba ni oili. Wiki chache baadaye gia ya nne ikaanza kuruka yenyewe nilipoachia mafuta kwenye mteremko, nami nikaendesha nimeushikilia mkono wa gia kama mtu anayezuia mlango dhidi ya upepo. Katika MGB, giaboksi haitoki kirahisi peke yake. Desturi ni kuvua injini na giaboksi pamoja, jambo lililonipa muda mrefu wa kutafakari haraka yangu.

Tulipovitenganisha, ndani ya nyumba ya klachi kulikuwa na unga wa shaba uliotapakaa kwenye uso wa flaiwili kama manjano iliyomwagika, na tundu la bushi lilikuwa limeacha kuwa duara, limekuwa na umbo la yai. Beringi ya mbele ya giaboksi ilikwaruza vidoleni nilipoizungusha. Ndipo nikaazima geji. Mshale ulitembea milimita 0.62, maana yake giaboksi yangu ilikuwa imekaa milimita 0.31 nje ya kitovu kwa kilomita zote zile. Ukiiona milimita 0.31 kwenye rula utaicheka. Shafti inayolazimishwa kujipinda kiasi hicho mara 3,000 kila dakika haina nafasi ya kucheka. Na gia ya nne ndiyo iliyoumia kwanza kwa sababu ndani yake shafti ya kuingiza na shafti kuu hufungamanishwa moja kwa moja zizunguke kama kitu kimoja, hivyo kupinda kwa moja kunaisukuma nyingine ijinasue.

Chanzo kilikuwa rahisi kiasi cha kuudhi. Mtengenezaji alitoboa matundu ya doweli kwa kuyapima kutoka kwenye matundu ya bolti, ambayo siku zote huwa na nafasi kidogo, badala ya kuyapima kutoka kwenye kitovu. Tuliondoa doweli za upande wa nyumba ya klachi, tukaacha bolti zimeshikilia bila kukazwa sana, kisha tukawa tunaigonga nyumba taratibu kwa nyundo ya plastiki, mara juu, mara kushoto, tukizungusha injini na kusoma geji kila baada ya pigo moja. Jua lilizama tukiwa kwenye 0.20. Asubuhi tulifika 0.08, tukakaza bolti, tukapima tena kwa sababu kukaza nako huhamisha, halafu tukatoboa matundu mapya mawili na kupachika doweli mpya zilizokazana humo. Ziko pini zilizotengenezwa makusudi zikiwa na kitovu kilichohama, ambazo huzungushwa mpaka kipimo kikubali, na kwa injini ambazo pini hizo zinapatikana ningezichagua hizo kabla ya kushika mashine ya kutobolea.

Kipimo cha pili kinachosahaulika ni cha urefu. Unene wa pleti huisukuma giaboksi nyuma, na ncha ya shafti huenda isifike ndani ya bushi kama inavyotakiwa. Au kinyume chake, shafti ikawa ndefu mno ikagota kwenye krenki. Type 9 iliyotoka kwenye Ford za V6 ina shafti ya kuingiza iliyo ndefu kuliko ile ya injini za silinda nne, na juu ya benchi giaboksi hizo mbili hufanana kwa mtu asiyezizoea. Watu huitafuta hiyo ya V6 kwa kuwa gia yake ya kwanza ni 3.36, isiyokwisha upesi, kisha wanaifunga kwa pleti iliyopimwa kwa shafti fupi. Ikigota, kila ukikaza bolti unaisukuma krenki mbele, na washa zinazoizuia zitaliwa. Weka donge la udongo laini wa kuchezea watoto ndani ya tundu la bushi, funga giaboksi bila klachi, ifungue, kisha pima udongo uliobaki. Milimita mbili au tatu za nafasi mbele ya ncha zinanitosha kulala usingizi.

Klachi yenyewe huwa chotara: meno ya katikati ya klachi pleti lazima yafuate shafti ya giaboksi, ilhali kipenyo chake lazima kifuate flaiwili na presha pleti ya injini. Hilo wengi wanalijua. Wasilolikadiria ni upande wa kuachilia, maana Sierra huvuta klachi kwa kebo na MGB huisukuma kwa haidroliki, hivyo beringi ya kuachilia, uma wake na silinda ndogo hutoka katika ukoo tofauti na huenda visielewane juu ya safari ya pedali. Klachi isiyoachia kikamilifu itazifanya zilaumiwe bure sinkronaiza, zile pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Pima safari ya beringi kabla ya kurudisha injini garini.

Propela hukatwa au hurefushwa, kisha husawazishwa upya, na hapo fundi makini atakuuliza kuhusu pembe. Kros, yaani viungo vya propela, ya mbele na ya nyuma zinapaswa kuwa na pembe zinazolingana ili mtikisiko wa moja ufutwe na wa nyingine. Ukiinua mkia wa giaboksi kwa ajili tu ya kuupisha mkono wa gia kwenye tundu lake la zamani, umeiharibu hesabu hiyo. Ningependelea mkono wa gia ukosee sentimita chache kuliko propela inayovuma. Spidomita nayo irekebishwe ifuate giaboksi mpya, vinginevyo itasema uongo. Oili ndiyo hubadilika kimyakimya: giaboksi ya MGB hutumia oili ya injini, Type 9 hutaka oili ya gia, na si kila oili ya gia, kwa kuwa baadhi ya zile kali zilizokusudiwa difu huzidhuru pete za shaba za sinkronaiza. Ijaze vizuri mara ya kwanza, maana Type 9 nyingi hazina hata nati ya kumwagia oili.

Pleti yangu ya pili, niliyoinunua kwa ajili ya gari la ndugu yangu, ilikuja na karatasi mbili za maelekezo zilizoandikwa kwa uangalifu. Zilitaja ukubwa wa kila bolti, mpangilio wa kuzikaza na kiasi cha kuzikaza. Kuhusu kitovu hapakuwa na neno hata moja. Niliifunga kwenye injini, nikasimika geji, nikazungusha: 0.34.